Tela Lisilopita Kichochoroni

Katika nyumba yetu hakuna tusi linaloumiza kama neno "maadamu". Matusi mengine yana mwisho. Mtu hukutukana akachoka, akaenda zake kulala. Maadamu haichoki. "Maadamu unatoka, nipitishie kiatu changu kwa fundi." "Maadamu unapita sokoni, ongeza vitunguu." "Maadamu una baiskeli, wewe huoni hata umbali." Anayeambiwa hivyo kila siku ya Mungu ni mtu mmoja tu, mdogo wake mama yangu. Mimi namwita Mama Mdogo, na mtaa mzima nao umejipa haki ya kumwita hivyohivyo, hata wazee waliomzidi umri.

Mama Mdogo ni fundi cherehani. Hashoni magauni ya maharusi. Kazi yake ni zipu zilizokufa, pindo zilizoachia na suruali za watu walionenepa wasitake kukubali. Anashonea chumbani kwake, na chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo. Kiko mwisho wa nyumba, na ukuta wake mmoja ndio unaofanya kichochoro tunachopita kuingia uani. Mna kitanda, cherehani na kabati la plastiki, basi. Akitaka kufungua kabati, kiti lazima kitoke nje kwanza. Alihamia pale Bibi, yaani mama yao, alipoanguka akavunjika nyonga. Alisema anakuja kwa muda. Huo muda sasa umeota mvi.

Baiskeli yake ni ya chuma, nyeusi, ina keria nyuma na kapu mbele. Kwa baiskeli hiyo ameleta nyumbani kila kitu ambacho mtu anaweza kukila, kukivaa au kukipaka. Jirani mmoja aliapa kwamba asubuhi moja alikutana na mzigo unajiendesha wenyewe, na uliposema "Habari za asubuhi" ndipo alipotambua kuna mtu ndani. Watu walicheka. Mama Mdogo naye alicheka, kisha akamuuliza kama anahitaji chochote sokoni. Hapo ndipo ninapomchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Siku aliyoanguka alikuwa na mtungi wa gesi kwenye keria, mfuko wa unga begani, trei ya mayai kapuni na dawa za Bibi mfukoni. Alikata kona ya duka la vipuri, na mtungi ukaamua kwenda moja kwa moja. Aliingia uani akiwa mweupe kwa unga, goti limechubuka, dawa za Bibi zimesalimika. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mayai atayarudia kesho.

Jioni hiyo baba yangu aliitisha kikao. Baba ni mwashi, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Alipiga meza akasema, "Haiwezekani. Humu ndani tumemfanya Shemeji punda afe mzigo ufike."

Moyo wangu ulifurahi. Nikasema leo ndiyo leo, leo tunagawana safari: huyu soko, yule gesi, mimi dawa. Mama akatikisa kichwa kwa huruma, akamshika mdogo wake mkono. Kisha Baba akamalizia: "Tutamnunulia tela."

Nyumba nzima ikachangamka. Mama alitaka tela linalobeba mchele wa mwezi mzima pamoja na mtungi, ili mdogo wake asisumbuke kwenda mara mbili. Baba alitaka liweze kubeba mifuko ya saruji, maadamu duka la vifaa liko njiani. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, kimya kama kawaida yake, akasema, "Likiwa pana, hata mimi ningekaa humo nikatembea." Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Asanteni," alisema Mama Mdogo. "Mmefikiria jambo kubwa." Alikuwa akitazama bandeji ya goti lake, na mimi nilijua kwa nini hainui macho.

Wiki hiyohiyo alikuwa amepigiwa simu na mwanamke waliyejifunza naye ushonaji, ambaye siku hizi anashona pazia tu, nasi tunamwita Bi Pazia. Bi Pazia alikuwa amepata kazi ya kuvalisha madirisha ya jengo zima la ofisi upande wa pili wa mji, na peke yake asingeiweza. Alitaka mshirika, si kibarua. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na chumba kitupu, na mshirika angekaa humo. Sharti lilikuwa moja: aje na chombo cha kubebea, kwa sababu vyuma vya pazia na majora ya kitambaa havikai kwenye kapu. Jibu alilitaka kabla Jumamosi haijaisha, la sivyo angemchukua mtu mwingine.

Mama Mdogo aliniambia mimi tu, nikiwa nimemshikia pindo la suruali ya mtu.

"Kina dirisha kubwa," alisema. "Na mlango wake." Akatia uzi kwenye sindano. "Mlango wake wenyewe. Hupiti chumbani kwa mtu wala jikoni kwa mtu."

"Nenda," nikamwambia. "Nenda hata leo."

"Na Mama je?"

"Bibi ana mtoto mwingine, ana mkwe, ana mimi."

Kumbe alikuwa ameshapanga kila kitu. Angekuja kila asubuhi kabla ya kazi kumwogesha Bibi, maana ni yeye tu anayejua kumgeuza bila kumuumiza nyonga. Mchana angekaa naye mama wa nyumba ya pili, walishaongea. Mahitaji tungenunua wenyewe kama watu wengine duniani. Kilichobaki ni kutuambia tu. Lakini Mama Mdogo hawezi kusema jambo lake mikono mitupu. Alitaka kwanza awe na tela, alishike, ndipo aseme. Sasa tela lenyewe lilikuwa linaletwa na haohao aliotaka kuwaaga.

Tulikwenda pamoja kwa Fundi Cheche. Ni mchomeleaji wa pale njiapanda, na jina amelipata kwa cheche za moto na za ulimi pia. Alikuwa na matela mawili tayari. La kwanza lilikuwa pana, la magurudumu mawili, sakafu ya mbao na kingo za bati pande zote. La pili lilikuwa refu na jembamba, gurudumu moja tu kwa nyuma, upana wake haukuzidi usukani wa baiskeli.

"Hili pana," alisema, akilipiga teke la kirafiki, "ukisimama, nalo linasimama. Unaliacha, unakunywa chai, unarudi unalikuta. Ubaya wake, kwenye mteremko linakusukuma, na ukiingia penye watu unasahau kwamba nyuma umenenepa."

"Na hili jembamba?"

"Hili unapopita wewe, linapita. Lakini ukishuka usipoliegemeza mahali, linalala chini. Halipendi kusimamasimama." Akamtazama. "Chagua vizuri, Mama Mdogo. Tela ni kama ndoa, ukishalifunga, kila unakokwenda liko nyuma yako."

"Ndoa siijui," alisema Mama Mdogo. "Lete nijaribu."

Walianza na lile pana. Fundi alipakia viroba vya mchanga, akavisogeza mbele kidogo ya magurudumu, maana mzigo ukikaa nyuma sana, alisema, tela huinua baiskeli mkiani. Mama Mdogo aliendesha mpaka mwisho wa barabara akarudi. Breki zilipiga kelele. "Linabeba," alisema, "sikatai. Ila nasikia kama kuna mtu ameshika nguo yangu kwa nyuma."

Kisha akafungiwa lile jembamba, na Fundi akalaza humo mabomba marefu ya chuma. Alipiga kengele, akaondoka. Tulimngoja. Fundi akawasha mashine, akachomelea kitu, akazima, akainua miwani. "Huyu harudi tena," alisema. Alirudi baadaye sana, kitambaa cha kichwa kimesogea hadi kisogoni, uso umelowa jasho.

"Nilikuwa naangalia linavyokata kona," alisema.

"Kona ipi?" nikauliza.

"Zote."

Hata hivyo hakuchagua palepale. Tela lilikuwa la kununuliwa na familia, na familia ilikuwa imeshasema pana. Wakitaka mchele, saruji na Bibi, atawaambiaje kwamba amechukua kitu cha kubebea vyuma vya pazia? Tulirudi nyumbani, yeye akisukuma baiskeli. Tulipofika kichochoroni alisimama ghafla. Alitoa mfukoni ile futi yake ya kitambaa, isiyombanduka hata usingizini, akaniambia nishike ncha moja kwenye ukuta wa jirani. Yeye akaivuta hadi kwenye ukuta wa chumba chake. Akapima mara ya pili, chini, pale magurudumu yangepita.

"Halipiti," alisema.

"Lipi?"

"Pana! Halipiti! Linazidi kwa shubiri nzima!" Akacheka mpaka akakaa chini, mgongo kwenye ukuta wake, miguu imefika ukuta wa pili. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa sababu ya jambo lake mwenyewe. Na kuliacha tela nje barabarani ni kumpa mwizi zawadi, hilo halikuhitaji mjadala. Ukuta wa chumba kilichombana siku zote sasa ulikuwa umemtetea.

Wakati wa kula alitangaza. Hakusema uongo hata chembe. "Lile pana ni zuri, lakini kichochoroni halipiti. Nitachukua jembamba."

Mama alisikitika. Bibi alitazama mikono yake. Baba alitafuna taratibu. "Linazidi kiasi gani, Shemeji?"

"Shubiri."

Baba akaitikia kwa kichwa, akanyanyua macho kuutazama ukuta, vile anavyotazama kuta za watu wanaomlipa. Mimi nikadhani anawaza kazi yake ya kesho.

Jumamosi Mama Mdogo aliondoka mapema. Angechukua tela, aende nalo kwa Bi Pazia kukiona chumba na kubeba mzigo mmoja wa majaribio, kisha arudi kutuambia sote kwa pamoja. Alikuwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, na hiyo kwake ni habari, maana hujishonea nguo mara chache kuliko kupatwa kwa jua. Aliponipita mlangoni alininong'oneza, "Niombee ulimi usikauke."

Baiskeli haijafika mbali, Baba akatoka na nyundo kubwa.

Lazima nieleze kitu hapa. Kinyozi hajinyoi, na baba yangu hajawahi kupaka hata mwiko mmoja wa saruji katika nyumba hii. Ufa wa jikoni tumekua nao kama ndugu. Mlango wa choo unafungwa kwa kamba. Kila mwaka husema akipata nafasi. Ndiyo maana nilipomwona anaegemeza nguzo chini ya paa la chumba cha Mama Mdogo, sikuelewa. Kitanda chake kilikuwa tayari kiko uani kimefunikwa shuka, na cherehani kando yake.

"Baba, unafanya nini?"

"Nausogeza ukuta. Naula ndani kidogo, kichochoro kiongezeke." Alikuwa anatabasamu. "Akirudi akute lile pana lake linapita."

"Lakini yeye anataka jembamba!"

"Anataka jembamba kwa sababu ya ukuta. Ukuta ukiondoka, atataka pana."

"Chumba chenyewe hakitoshi hata sasa. Utamkata tena?"

"Shubiri mbili tu. Analala humo, hachezi mpira humo." Kisha akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe hutaki Mama Mdogo wako apumzike?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini siri haikuwa yangu, na mwenyewe alikuwa anakuja kuitoa jioni hiyohiyo. Nilikwenda kumpigia simu. Ililia ndani ya mto wake, juu ya kitanda, uani. Nyundo ikaanguka. Nikasimama pale nikiwa na hasira isiyo na mtu wa kumwangukia, kwa sababu kila mtu alikuwa anatenda wema. Mama alikuwa anazoa matofali kwa beseni, akiwa na nguo ya kazini. Jirani wa kile kisa cha mzigo unaojiendesha alileta mchanga na kijana wake. Mama wa nyumba ya pili alipika chai. Sijawahi kuona nyumba yetu ikifanya kazi kwa umoja namna ile, wala haijafanya hivyo kwa ajili ya mtu mwingine tangu hapo.

Alasiri ukuta mpya ulikuwa umefika kifuani, umenyooka kama mstari wa daftari. Baba akining'iniza timazi ya kupimia unyoofu alikuwa anapiga mluzi. Ndipo Bibi alipoomba atolewe nje. Alikuwa amejitahidi kuvaa peke yake nguo yake ya kutokea, na miguuni alikuwa na viatu. Viatu! Tulimweka kwenye kiti mwanzoni mwa kichochoro, akaitazama barabara iliyokuwa inaonekana kwa mbele. "Nitakwenda kwa dada yangu," alisema, kama anayejisemea. "Nitakwenda nikamwambie mimi bado nipo."

Kengele ya baiskeli ilisikika jua likielekea kuzama.

Mama Mdogo alikuja akikanyaga pedeli kwa nguvu, tela jembamba likimfuata bila kuyumba. Ndani yake mlikuwa na kipande cha pazia la rangi ya chungwa, kilichokunjwa vizuri. Bi Pazia alikuwa amempa aangalie kama rangi hiyo itafaa dirisha la kile chumba. Alikuwa ameshafungua mdomo. Niliuona ulimi umelowa, maneno yako tayari. Kisha akaiona ile nafasi.

Wote walipiga makofi. Walikuwa wameenea vumbi kuanzia nyusi hadi kucha.

"Haya, Shemeji," alisema Baba, akipangusa mikono. "Nani alisema halipiti?"

Mama alimkumbatia, akamwachia alama ya saruji kwenye gauni jipya. "Mdogo wangu, umehangaika mno. Sasa utabeba kwa raha."

Mama Mdogo alitazama ukuta. Akatazama kitanda chake pale uani. Mwishoni alimtazama Bibi, akaanzia kwenye nywele akashuka hadi kwenye viatu, na hapo akabaki. Tela jembamba, kwa kuwa alishuka bila kuliegemeza, lililala chini.

"Mmejichosha sana," alisema.

"Wewe ndiye uliyejichosha," alisema Bibi. "Lete hilo pana mwanangu nilione."

Akaligeuza lile jembamba. "Ngoja nikalibadilishe kabla Fundi hajafunga."

Nilimkimbilia. Tulitembea hadi mtaa wa tatu, mimi nikilia, yeye akisukuma. Nikamwambia, "Waambie. Rudi uwaambie sasa hivi. Watakuelewa."

"Najua watanielewa."

"Sasa?"

"Mtu akikupiga unamkimbia, na hakuna wa kukulaumu," alisema. "Mtu akikubomolea ukuta, utamkimbiaje? Na Mama amevaa viatu. Umeviona?"

"Bibi angebebwa na teksi."

"Mbona hamjawahi kumwitia?" Aliuliza taratibu, bila ubaya.

Fundi Cheche, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mzaha. Alifungua kiungio, akafunga kingine, akakaza nati. Mama Mdogo aliomba simu yangu, akasogea hadi kwenye rundo la vyuma chakavu. Nilimsikia upande wake tu. "Ni mimi. Siji... Hapana... Hapana, hakuna aliyeumwa. Wote wazima." Akasikiliza kidogo. "Chumba ni kizuri sana. Mchukue yule mwingine." Alinirudishia simu, akapanda baiskeli, akaniambia niketi ndani ya tela, maadamu anarudi nyumbani. Nilikataa. Nilitembea kando yake kwa miguu hadi mwisho.

Tela lilipita. Halikugusa upande wowote, na Baba alilisindikiza kichochoro kizima akiwa ameweka kiganja katikati ya tela na ukuta kuonyesha nafasi iliyobaki. Bibi alinyanyuliwa kwa jinsi Mama Mdogo anavyojua, mkono mmoja chini ya nyonga, mwingine mgongoni. Ubao ulikuwa mgumu. Mama Mdogo alichukua lile pazia la rangi ya chungwa, akalikunja mara nyingine, akamwekea mama yake chini. Wakaenda hadi barabarani na kurudi. Bibi alikuwa anawapungia watu mkono, hata wasiomjua, na sitasema uongo, alikuwa amependeza.

Wakati tunarudisha kitanda chumbani tuligundua hakilali tena kilivyokuwa. Kililala upande wa mlango, kwa hiyo mlango sasa unafunguka nusu tu. Mama Mdogo aliingia kwa ubavu, akaketi juu yake, akavua gauni akaanza kukwangua saruji kwa ukucha. Mama aliita kutoka jikoni.

"Mdogo wangu! Maadamu hujafungua tela, mtungi umeisha!"

Alivaa gauni la kazi, akatoka kwa ubavu, akashika baiskeli. Zamani, kugeuza pale kichochoro kinapoingia uani kulimlazimu kuinyanyua baiskeli gurudumu la nyuma. Safari hii hakuinyanyua. Nafasi ya kugeuza ilikuwepo.